Shangazi Amenyamaza

Karakana ya ndege
Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Mama amesema tuandikiane. Baada ya yale makelele yetu ya Jumapili kwenye simu, anasema watu wakiandika angalau kila mmoja humaliza sentensi yake. Basi naandika, na Kapteni amekubali kunibebea barua, maana ndege yetu hii moja ndiyo inayokuja huko kwenu kila asubuhi na kurudi jioni. Ikichelewa kukufikia, usiulize nani kaichelewesha.

Umeichelewesha wewe na huo mfumo wako wa utabiri. Mafundi wenzangu wameubatiza jina, wanauita Shangazi, kwa sababu hauoni jema kwa mtu. Unaingia kazini, hata chai hujaitia sukari, kishikwambi kinalia: Shangazi ana neno. Leo kasema tena kwamba vali ya hewa ya injini ya kushoto iko mbioni kuharibika. Kwa faida ya watu wa ofisini, hiyo ndiyo vali inayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, ikapoozwe, abiria wapate kupumua huko juu. Si kitu cha mchezo, najua. Lakini hii ni mara ya tatu naifungua, naipeleka mezani, naipima, naikuta nzima, nairudisha. Kesho yake Shangazi anaanza upya, neno lilelile, kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Wanaotukanwa ni sisi. Leo abiria wamekaa nje mpaka jua limewakalia kichwani, na mzee mmoja mwenye mkoba akanifuata hadi mlangoni kuniuliza kama kazi hii nimeisomea au nimerithi. Bosi naye anasema tutii tu, mfumo umeshalipiwa.

Sasa tuje kwenye harusi yako. Mama atapanda ndege Ijumaa ya wiki ijayo, Jumamosi unaoa. Nilimwomba atangulie mapema, kakataa kata kata, eti hawezi kukaa siku zote hizo kwa watu asiowajua akijifanya hana njaa. Mara ile wazazi walipotakiwa kukutana alikuwa ameshavaa, ameshapaka mafuta, Shangazi akazuia ndege. Akirudia tena, Mama atahudhuria harusi ya mwanawe kwa kusimuliwa. Hebu mwambie huyo Shangazi apumzike.

Dada yako

*

Makao makuu, chumba cha takwimu
Ijumaa, 7 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Unanichosha, na nakupenda, na unanichosha.

Mfumo haupigi ramli. Kila ndege ikitua hutuma vipimo vyake kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta zilizo mbali huko vinakokaa vipimo vya mamia ya ndege zinazofanana na yenu. Mfumo unalinganisha. Unaona kwamba upande wa kushoto wa ndege yenu hewa inafika pungufu kidogo, na kila safari inazidi kupungua. Dalili hiyo haikisiwi, ipo. Kinachokisiwa ni chanzo, na unasema vali kwa sababu penye dalili kama hizo mara nyingi huwa ni vali. Wewe unaipima mezani ikiwa baridi, imetulia, halafu unaniambia nzima. Hata mimi ukinipima nimelala utasema sina hasira.

Halafu nikuulize, mkigusa kitu mnauambia mfumo? Kwenye skrini yangu hakuna fundi aliyeigusa injini hiyo mwezi mzima. Hizo mara tatu ulizofungua, ulifungua kimoyomoyo? Usiniambie habari ya mtandao kusuasua. Mnajaza mambo ya wiki nzima siku moja, tena kwa kukumbuka, halafu mnashangaa mfumo unarudia neno. Unarudia kwa sababu hakuna aliyeujibu.

Kuhusu Mama. Dada, naomba hili usilifanyie utani. Baba mkwe ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yanachoma. Siku ile Mama alipokosa kufika, mzee aliniuliza mbele za watu kama kweli nina mama au nimeazima picha ya mtu. Wakacheka, nami nikacheka, nikaenda kujifungia chooni. Baba hayupo, wajomba tuliwazika, wewe unasema huwezi kuacha zamu kwa sababu hakuna mwingine wa kutia saini ndege iruke. Mama ndiye ukoo wangu mzima. Nimewaambia Jumamosi mtamwona kwa macho yenu. Akikosa tena, hao watu watanidharau mpaka wajukuu.

Fanya lolote, ila Ijumaa ndege iruke.

Mdogo wako

*

Karakana
Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeuliza kama tunamwambia Shangazi tukigusa kitu. Safari hii hatukumwambia, na tulikusudia.

Jumamosi tulifanya kile ambacho fundi yeyote akikwama hukifanya na ambacho kwenye kozi zenu hakipo. Tulibadilishana vali. Ya kushoto tukaitia kulia, ya kulia tukaitia kushoto, tukafunga, tukanyamaza kimya. Kama vali ndiyo mgonjwa, ugonjwa utahama nayo. Na kama Shangazi ana akili mnazomsifia, atajua mwenyewe bila kuambiwa.

Leo ndege imekwenda, imerudi, vipimo vimepanda kwenye hilo wingu lenu. Tumezunguka kishikwambi kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Kikalia. Vali ya hewa, injini ya kushoto. Ya kushoto, mdogo wangu, ileile ambayo haipo tena kushoto. Tulicheka mpaka Bosi akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Kwa hiyo sikiliza, uwapelekee na wakubwa zako. Vali ni nzima. Anayedanganya ni kihisi, kile kidude kinachopima hewa upande ule, na Shangazi kazi yake ni kubeba umbea wa kihisi. Nimeagiza kipya, kitafika wiki ijayo. Mpaka hapo Bosi ameniachia mimi. Kasema onyo ni ushauri tu, uamuzi ni wa mwenye saini, halafu akaingia ndani akafunga mlango. Ndivyo walivyo mabosi.

Mama amefunga mizigo na kuifungua sijui mara ngapi. Ameninunia kwa sababu nilisema lile gauni la kijani linambana, sasa ameamua kulivaa safarini ili lizoee. Jana ameniuliza kama huyo Shangazi wa kwenye kishikwambi naye amealikwa. Nikamwambia huyo hahitaji kualikwa, atakuja tu. Ijumaa nitamtia ndani ya ndege kwa mkono wangu.

Dada yako

*

Makao makuu
Alhamisi, 13 Machi

Shikamoo Dada,

Nina dakika chache, nguo za harusi zinanisubiri kwa fundi cherehani na yeye huyo ana gubu kukuzidi.

Nimesoma habari ya kubadilishana vali. Sina ubishi. Huenda kweli ni kihisi. Nimefuatilia huku, mambo ya kushoto yametulia, kesho kishikwambi hakitakusumbua. Wewe ni fundi wa miaka mingi, ukisema ndege nzima, mimi ni nani.

Kapteni ataniletea Mama. Nitakuwa uwanjani mapema, na baba mkwe naye amesema atakuja, apende asipende atamsalimia mkwewe.

Ahsante, Dada. Kwa kila kitu.

Mdogo wako

*

Uwanja wa ndege, sebule ya abiria
Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu,

Tumepigiana simu nikalia, ukapaza sauti, sikusikia hata neno moja. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa dereva wa basi, amesema itakufikia keshokutwa, na hapo utakuwa umeshaoa. Basi lenyewe ningelipanda, lakini hata likienda usiku na mchana Jumamosi halifiki.

Tulikuwa tumeshakaguliwa mizigo. Tumeshapanga foleni mlangoni na tiketi mkononi. Dada yako akatoka huko karakana, ovaroli limejaa grisi, kitambaa kichwani kimelegea, akasimama mbele ya watu wote akasema ndege hairuki leo. Mtu mmoja akauliza kwa nini. Akasema bado hajui. Hajui, mwanangu. Angesema hata tairi. Watu wakamvaa, yule wa tiketi akajificha chini ya meza yake, na dada yako akasimama palepale akitukanwa, wala mimi hakunitazama.

Nikamfuata pembeni, nikamwuliza hicho kidude kinachowaonya kimesema nini. Akasema hakijasema kitu. Basi nami nikamwambia maneno ambayo mama hamwambii mwanawe. Nikamwambia ana wivu, kwa kuwa yeye hakuolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kazini.

Ndege ya kampuni nyingine haipo mpaka Jumatano. Nimekaa hapa na gauni la kijani na sanduku. Waambie wakwe zangu nipo, ni mzima, na nina aibu.

Mama yako

*

Nyumbani
Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Nimeoa. Nashukuru hukuuliza.

Unataka kujua ilivyokuwa? Msema chochote aliita upande wa bwana harusi usimame, akasimama jirani yangu na yule mlinzi wa ofisini kwetu, Mungu ampe heri. Baba mkwe hakusema kitu safari hii. Alinipigapiga begani, mara mbili, vile mtu anavyompigapiga mgonjwa. Afadhali angenitukana.

Simu zangu hupokei, basi nakuuliza kwa maandishi. Kwa nini? Shangazi alikuwa amenyamaza. Miezi yote umelia kwamba anakupigia kelele, umemwita mmbea, umenidhihaki mimi na kazi yangu mbele ya wenzako. Siku hiyo moja hana neno, kishikwambi kimya, njia nyeupe, wewe ndiyo unazuia ndege? Na si wewe uliyeniandikia kwa mkono wako kwamba vali nzima, kihisi kinadanganya? Barua ninayo hapa. Nilikuamini, Dada. Mwaka huu wote mara moja tu niliacha kubishana nawe, nikakuamini, na malipo yake ndiyo haya.

Sasa niambie ukweli. Ulitaka kuonyesha kwamba mwenye ndege ni wewe, si mashine?

Mdogo wako

*

Karakana
Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Hongera kwa kuoa. Mfikishie mkeo salamu zangu, na umwambie wifi yake si mchawi.

Ndege imeruka leo asubuhi, Kapteni atakupa hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Ijumaa niliingia kazini, kishikwambi kimya. Nikamimina chai, nikakaa, nikasema leo angalau. Nikaiweka chai chini. Nikajiuliza, nimefanya nini upande wa kushoto tangu Jumatatu? Sijafanya kitu. Kihisi kipya hakijafika, cha zamani kipo palepale. Jumanne Shangazi analalamika, Jumatano asubuhi analalamika, Alhamisi ghafla bin vuu amepona. Kwa dawa gani? Kihisi kibovu hakijitengenezi. Na nilipokumbuka barua yako, ile ya upole, ndiyo nikainuka kabisa. Wewe hukubali kushindwa hata ukicheza karata na Mama.

Nikapiga simu huko kwenye chumba chenu cha takwimu. Akapokea binti mmoja mchangamfu, nikamwomba anisomee historia ya injini ya kushoto. Akasoma. Onyo limefungwa kwa mkono Jumatano mchana, sababu iliyoandikwa ni kelele tu. Nikauliza limefungwa kutoka meza gani. Akasema, "Meza ya bwana harusi," akacheka, akaniambia nikufikishie pongezi.

Hapo abiria walikuwa wameshapanga foleni. Ndiyo maana nilisema sijui, kwa sababu kweli sikujua ndege ina nini. Nilijua tu kwamba kuna aliyezibwa mdomo. Ningesema ni nani, ungefungwa pingu na nguo za harusi mwilini.

Tulifungua kila kitu upande ule, siyo vali peke yake. Nyuma ya vali kuna bomba linalobeba ile hewa ya moto, limeshikwa na bangili ya chuma, na chini ya bangili bomba lilikuwa limepasuka. Ufa mwembamba, usipotoa bangili huuoni. Hewa ya moto ilikuwa inavuja na kupuliza nyaya, maganda yake yalishaanza kuwa meusi na kulainika. Bosi aliyaminya kwa vidole, akaenda kukaa kwenye ngazi. Safari ngapi zilikuwa zimebaki hakuna ajuaye. Huenda moja, huenda kumi.

Kihisi kilikuwa hakidanganyi. Shangazi alikuwa na mgonjwa kweli, ila alionyesha kiungo sicho. Mimi nilithibitisha vali ni nzima, nikaridhika, nikacheka na wenzangu, nikakuandikia upuuzi, nawe ukaufanyia kazi. Hilo ni langu na kwenye ripoti nimeliandika. Lakini angalia mambo yalivyo. Wewe umeanza kuniamini mimi siku zilezile nilizoanza mimi kuiamini mashine yako. Ingekuwa kichekesho, kama Mama asingekuwa amekaa pale nje na sanduku.

Nimekukasirikia mpaka nafunga nati ileile mara mbili, na fundi wa namna hiyo hana kazi. Ulikuwa na njia mia. Ungeniambia ukweli tukatafuta gari Jumanne. Ungeisogeza harusi, wakwe wangenuna, wakachoka kununa. Ulichagua kumziba mdomo yule mmoja aliyekuwa anasema.

Ripoti inauliza onyo lilifungwa kwa nini. Nafasi hiyo nimeiacha wazi mpaka Jumatatu. Kabla ya hapo nenda kwa mkubwa wako kwa miguu yako. Ukichelewa nitaijaza mimi, na nitaandika kweli.

Jambo la mwisho. Mama hasemi nami. Anapika, anaweka sahani yangu mezani, anaingia chumbani. Sijamwambia chochote. Nimekubali anichukie wiki hii nzima kwa ajili yako, sasa nimechoka. Mwandikie wewe.

Dada yako

*

Nyumbani
Jumapili, 30 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Niliisoma jikoni, nikazima jiko, nikaisoma tena.

Nimeelewa kwamba ulikwenda mwenyewe kwa mkubwa wako, na kwamba wamekusimamisha kazi mpaka uchunguzi uishe. Imeniuma. Mkeo mwambie asilie sana, asikuonee huruma kupita kiasi pia. Nimeelewa kwamba sasa onyo haliwezi kufungwa na mtu mmoja, na kwamba dada yako na wenzake nao wamekaripiwa kwa kubadilisha vyuma kimyakimya. Vizuri. Nyote wawili mlikuwa mnashindana, na aliyeumia katikati ni ndege.

Dada yako nilimfuata kazini palepale. Nilikataa kungoja arudi. Walinikatalia mlangoni, nikawaambia mimi ndiye mama wa yule mwenye saini, wakanipisha. Alikuwa amelala chali chini ya bawa, miguu tu ndiyo ninayoiona. Nikaongea na hiyo miguu. Nikaomba radhi kwa lile neno la kuolewa. Akaniambia nimpe tochi. Nikampa. Tumerudi nyumbani pamoja, na jana tumegombana kuhusu chumvi, kwa hiyo tuko sawa.

Kwako nitakuja. Sina haraka, lakini nitakuja, na huyo baba mkwe wako nitamwonyesha kwamba mama wa kuazima hana mdomo kama huu.

Ila kuna kitu kwenye barua yako kimenikaa kooni, na sitaki kukimeza. Umeandika: Mama, ningekupoteza. Umeandika kwamba hulali, ukifumba macho unaniona mimi ndani ya ndege hiyo. Kurasa nzima, Mama, Mama. Nimezipitia tena nikitafuta mtu mwingine humo ndani, sikumpata.

Pale sebuleni tulijaa, mwanangu. Pembeni yangu alikaa mwanamke mwenye mapacha wachanga, anakwenda kuwaonyesha kwa baba yao. Alinipa mmoja nimshike ili akambadilishe nguo mwenzake. Yule mtoto akanilalia begani, anakoroma kidogo, mate yananishukia kwenye gauni. Nilikuwa naye hivyo hivyo kwenye foleni, mpaka dada yako alipotoka. Nilipoanza kupiga kelele nilimrudisha kwa mama yake, asiamke.

Jina lake silijui. Yeye hakuwa anakuja harusini kwako.

Mama yako